Jicho Jeusi Penye Majivu

Mwezi wa nane nyasi za kilima chetu huchomwa. Kabla mvua haijaja, kabla nyasi zenyewe hazijaamka, kuna ua moja hutangulia. Hujitokeza juu ya ule weusi kama mtu aliyelala chini ya blanketi akatoa kichwa. Kila shina hubeba ua moja tu, halina tawi. Majani ni membamba, yana mishipa mitatu iliyonyooka toka mwanzo wa jani hadi ncha. Ua lenyewe lina ndimi nyeupe pembeni, na katikati ni peusi, weusi wa zambarau iliyoiva mpaka ikapitiliza. Ukilitazama, nalo linakutazama.

Lakini juu hapo ni kofia tu. Mwenyewe yuko chini: kiazi kigumu cha rangi ya udongo, kina vinundu kama vifundo vya mguu wa mzee. Moto ukipita juu yake hana habari. Jina lake ni impila. Kwa lugha yetu maana yake ni uzima.

Zibuyile hakuruhusiwa kulitaja jina hilo.

Si kwamba hakulijua. Alizaliwa ng'ambo ya mto Thukela, akalelewa na bibi yake aliyekuwa mchimba mizizi. Alipoacha shule darasa la tano alimfuata bibi na jembe miaka mingi. Alijua ipi ya tumbo, ipi ya kuogea, ipi ya ng'ombe mwenye funza kwenye kidonda. Ile ya jicho jeusi bibi yake aliizunguka kama mtu anavyozunguka nyoka aliyelala. "Watu wanainywa," alisema, "na wengine wanaamka. Mtoto haamki." Kwao kulitaja jina lake tu mbele ya mama mwenye mtoto kulitosha. Mama alimnyakua mwanawe akaondoka.

Kisha Zibuyile akaolewa huku kwetu, kwenye boma la Mchunu. Baba mkwe wake alikuwa ameshakufa, amelala kando ya zizi chini ya mawe. Jina lake lilikuwa Mpilonde, yaani uzima mrefu, ingawa alikufa hata mvi hajaota. Na sisi wanawake tulioolewa, makoti kama tuitwavyo, hatutaji jina la baba mkwe. Si jina lenyewe tu. Neno lolote linalofanana nalo tunalikwepa, tunaweka lingine mahali pake. Mimi baba mkwe wangu aliitwa kwa jina la jiwe, basi hadi leo jiwe naliita "gumu". Ni bahati, maana jiwe halitajwi sana. Zibuyile alinyang'anywa uzima.

Asubuhi mtu akipita njiani akiuliza hali, sisi wengine tunajibu, "Wazima." Yeye alijibu chini chini, macho kwenye kwato za mbuzi, "Tunapumua."

"Mnapumua tu?" nilikuwa nikimtania, nikimwita kwa jina la ukoo wake, maana boma letu limepakana na lao. "Na kula je, MaSokhela? Hamli huko?"

Alicheka akiwa amefunika mdomo. Alikuwa na haya kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hata kuku akimkazia macho alipisha.

Mama mkwe wake, MaMbatha, naye halitaji jina la marehemu mumewe, kwa hiyo ule mzizi yeye anauita "ya jicho". Aliunywa mimba zote. Alizaa watano akazika watatu, na mzizi haukuwahi kushukiwa. Waliobaki ni Sikhumbuzo, mume wa Zibuyile, aliye migodini na huja likizo tu, na Thandazile, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Durban.

Mwaka ule Thandazile alirudi nyumbani na mwanawe Mondli, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Mtoto alikuwa na kifaduro. Akianza kukohoa alikohoa mpaka uso unageuka rangi, halafu anavuta hewa kwa mlio kama mlango mbovu. Siku ile MaMbatha alikuwa amekwenda mazikoni kwa ndugu zake. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua iliyonyesha huko milimani, na zahanati iko ng'ambo. Nyumbani alibaki Thandazile na mtoto, Zibuyile, na Mandlakayise, mdogo wake marehemu Mpilonde, ambaye alikuwa amekaa upande wa wanaume akinywa maziwa ya mgando.

Thandazile alishusha kikapu cha mizizi cha mama yake. Yeye ni binti wa boma, mdomo wake uko huru, anaweza kutaja jina la baba yake hata akiwa anafua. Lakini mizizi haijui. Kwake yote ilikuwa vijiti vya vumbi. Alikamata kiazi kimoja akakiinua.

"Wifi! Hiki ni nini?"

Zibuyile alikuwa mlangoni na ndoo, anakwenda kisimani. Kwa sababu ya baba mkwe mdogo ndani, alikuwa amepiga magoti nje ya kizingiti, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alikiona kiazi. Alishtuka, akasema haraka lile neno alilokuwa nalo:

"Hiyo ni ya kupumua, wifi."

"Ya nini?"

"Ya kupumua. Ile ya kupumua yenyewe."

"Haya, nimesikia. Ongea kama mtu basi. Lugha yenu hii ya wake ni kama redio iliyokosa stesheni."

Mandlakayise alicheka ndani ya bakuli lake. Zibuyile aliinamisha kichwa zaidi. Alisema jina, kwa namna aliyoruhusiwa kulisema, na kwao jina lilitosha. Aliona wifi yake amekishusha kiazi chini. Alinyanyuka akaenda kisimani.

Thandazile alikishusha ili atafute kisu.

Kisima chetu kiko bondeni, na njia ya kurudi inapanda kwenye ule mteremko uliochomwa. Zibuyile alikuja na ndoo kichwani akipita katikati ya maua yale, meupe juu ya weusi, kila moja na jicho lake. Alipofika uani alisikia harufu. Aliyewahi kuchimba anaijua. Maji yalimwagika yote.

Ndani, Thandazile alikuwa amemlaza mtoto pajani, kikombe mkononi, kidevu cha mtoto kimelowa.

"Wifi, hapana! Hiyo ni ya kupumua!"

"Si ndiyo nampa. Anapumua vibaya, humsikii?"

"Hapana, siyo… nasema ni ile… ya kupumua!"

"Wewe makoti una wazimu? Uliniambia mwenyewe ya kupumua, nimechemsha, sasa unanipigia kelele. Kohoa baba, kohoa, halafu umalizie."

Kikombe kilirudi kwenye mdomo wa mtoto. Zibuyile alimtazama Mandlakayise. Alitazama ukuta wa nyuma ya nyumba, pale wanapokaa wazee wasioonekana, penye vyungu vya pombe. Akafungua mdomo.

"Impila!" alipiga kelele. "Impila hiyo! Impila, impila!"

Nilimsikia mimi nikiwa kwetu, natwanga. Mchi wangu ulisimama hewani.

Mandlakayise alisimama, bakuli likaanguka. Thandazile alikuwa amekodoa macho. Lakini mkono wake ulikuwa umetulia, na Zibuyile alikipiga kikombe kikaruka hadi majivuni. Hakuna aliyeuliza kuhusu kikombe.

"Umesema nini wewe?" Mandlakayise aliuliza polepole.

Zibuyile alikuwa amelala kifudifudi.

"Umemwita kaka yangu kwa jina. Ndani ya nyumba yake. Mbele ya vyungu vyake."

"Nimekosa, baba."

"Mara ngapi umemwita?"

Alikuwa akitazama, kwa upande mmoja wa jicho, mtoto pajani mwa mama yake.

Mondli alitapika mchana kutwa. Jioni alilegea, macho yakageuka, mikono ya baridi, na Thandazile alimbeba huku na huko uani akiniita jina langu kupitia uzio. Nilikuja. Tulimtia maji ya sukari kwa kidole, kidogo kidogo. Zibuyile alifukuzwa nje, alikaa kwenye lundo la kuni, hakuna aliyemsemesha. Alichokuwa anaomba kilikuwa kimoja: kwamba kile kikombe kisiwe kimeshuka sana.

Kumbe hakikushuka sana. Keshokutwa yake mtoto aliomba chakula. Na kama ilivyo desturi ya kifaduro kikichoka chenyewe, kikohozi nacho kilianza kupungua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

MaMbatha aliporudi kutoka mazikoni alisimuliwa yote, akapiga kofi moja kubwa.

"Ya jicho! Si nilisema? Ilimsafisha, ikamtoa uchafu wote. Mlimpa kiasi gani?"

"Nusu tu, mama," Thandazile alisema. "Nusu nyingine makoti aliimwaga."

"Angemaliza angepona siku ile ile."

"Na lile jina ndilo lililomlegeza," Mandlakayise aliongeza. "Mtoto alikuwa anameza vizuri. Alipoitwa marehemu tu, macho yakageuka. Niliona mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na ndivyo ilivyobaki. Mzizi ulimponya mtoto. Jina lilitaka kumuua. Kiazi kilichobaki kilirudishwa kikapuni kwa heshima, na Zibuyile aliambiwa aende kwao akalete mbuzi wa kuosha kinywa.

Alivuka mto maji yalipopungua. Baba yake alimtafuta mbuzi huku akilalamika kwamba binti aliyemfuga miaka yote akiwa bubu amekwenda kupata sauti ugenini. Bibi yake alimwita nyuma ya nyumba.

"Ulilisema?"

"Nililisema, bibi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Na mtoto anapumua… hebu niseme vizuri mimi, baba mkwe wangu hakuitwa hivyo. Mtoto ni mzima?"

"Anakimbia."

"Basi mbuzi si hasara." Bibi alimtazama tumbo, kisha akamtazama shingo. "Na wewe unayo mimba. Usinifiche, hiyo shingo inapiga. Huyo mama mkwe wako atakuletea ile ya jicho unywe kila asubuhi, si ndiyo?"

Zibuyile alianza kulia.

"Utamwambiaje?"

"Sitamwambia chochote, bibi. Nikisema hawatasikia mzizi. Watasikia jina tu."

Bibi hakubisha. Aliingia ndani akatoka na mizizi mingine ya rangi ya kutu, ile yenye maua ya samawati ambayo kwetu huitwa kizima-moto, dawa ya joto la tumbo. Aliifunga kwenye kona ya kanga yake. "Ukichemsha yote miwili, maji hayana tofauti kwa macho. Kwa pua ipo. Mama mkwe wako anavuta ugoro?"

"Anavuta."

"Basi pua yake imeshakufa."

Mbuzi alichinjwa. Zibuyile alioshwa kinywa kwa nyongo, akaambiwa kwamba sasa ametakasika na akae kimya. Kukaa kimya hakukumpa taabu. MaMbatha hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alipoona tumbo limeanza kuonekana alipanda kilimani mwenyewe, na magoti yake yale, akachimba kiazi kikubwa kuliko vyote, shingo yake bado na vichipukizi vya kijani.

"Hiki ni chako, mwanangu. Waliopita wamepita. Nataka mjukuu mwenye nguvu."

"Asante, mama."

"Kila asubuhi. Nitakuwa nakuona."

Ilimpasa akiondoe. Lakini makoti hapiti mbele ya zizi. Hazururi uani akiwa na kitu mkononi ambacho hakutumwa. Kwenda kukitupa bondeni angelazimika kupita mbele ya macho ya boma lote. Alichoweza kufanya bila kuulizwa ni kumwaga majivu. Basi alikifukia kiazi kwenye ukingo wa lundo la majivu, nyuma ya jiko, karibu na ukuta, akakanyaga udongo. Akachemsha mizizi ya bibi yake.

Miezi yote ile alikunywa kikombe mbele ya MaMbatha.

"Inakaza mwili, eh?"

"Inakaza, mama."

"Mimi nilikuwa nasikia inakwama hapa, kifuani."

"Hata mimi, mama."

Alijifungua msichana mwanzoni mwa baridi, mnene, mwenye kelele. Wakamwita Khethiwe. MaMbatha alinipigia hodi uani kwetu akiwa na furaha ya kumwagika. "Umemwona? Umeona mapaja yale? Ya jicho ile, mwenzangu. Ya jicho!" Na wanawake wengine wajawazito wa kilimani walianza kuja kwake kuomba. Sibusisile wa boma la chini alikuja. Mimba yake haikukaa. Walisema alitembea juani.

Zibuyile alipoisikia habari hiyo alikuwa ameshika mwiko. Alikoroga uji mpaka ukaungua.

Mwezi wa nane ulifika, nyasi zikachomwa. Upepo ulileta masizi hadi mlangoni. Na asubuhi moja MaMbatha, aliyekwenda nyuma ya jiko kutema ugoro, alipiga vigelegele mpaka mbwa wetu wakaitikia.

Tulikwenda mbio. Kando ya lundo la majivu, ukutani kabisa, yalisimama mashina manne yaliyonyooka, kila moja na ua lake. Meupe, na jicho jeusi katikati. Yalikuwa yanatazama mlango wa jiko.

"Nani aliyepanda hapa?" MaMbatha aliuliza. Alitutazama mmoja mmoja. "Hakuna aliyepanda. Hii hairuki na upepo. Mbegu yake haina manyoya kama zile nyingine. Ina vijigamba tu, huanguka miguuni pa mama yake. Kutoka kilimani hadi hapa imefikaje?"

Alisema kweli kuhusu mbegu. Hata mimi najua hivyo.

Mandlakayise alikuja, akavua kofia. Yeye ana ruhusa, ni ndugu. Alisimama mbele ya maua akamwita marehemu kaka yake kwa jina, kwa sauti ya juu, akamshukuru. Alisema Mpilonde amesamehe lile kosa la mwaka jana. Alisema amerudi nyumbani kwa jina lake mwenyewe, amekuja kulinda watoto wa boma. Thandazile, aliyekuja likizo, alipiga picha.

Zibuyile alikuwa nyuma yetu sote, mtoto mgongoni. Nilimgeukia kumtania, nikaacha. Uso wake ulikuwa kama majivu yale. Sikuelewa siku ile. Alinieleza baadaye, tukiwa kisimani wawili tu, na hata hapo alisema kwa kupindapinda, kwa kupumua na macho na majivu, mpaka nikaunganisha mwenyewe.

Kabla ya mchana walikuwa wamekata matawi ya miiba wakazungushia. Si kuku atakayeparua pale wala mbuzi atakayekula. Kung'oa sasa ingekuwa kumng'oa mzee kaburini.

"Sasa hata mto ukijaa," MaMbatha alisema akipangusa mikono, "hata magoti yangu yakikataa kilima. Mtoto akikohoa tu, tunatoka jikoni, tunachimba, tunarudi. Si ndiyo, MaSokhela?"

"Ndiyo, mama."

Khethiwe sasa ana meno mawili ya chini. Na juzi, upepo wa masizi ulipovuma, alikohoa. Kidogo tu, kikohozi cha vumbi. Lakini nilimwona MaMbatha, aliyekuwa akichambua maharage, ameinua kichwa akatazama upande wa jiko.

Kila asubuhi Zibuyile anafagia kuzunguka ile miiba, maana ni kazi yake. Yale maua ya kwanza yamekauka, ndimi zimenyauka, lile jicho limepasuka na mbegu zimeanza kudondoka hapo hapo chini. Huziokota kwa ufagio zile anazoziona. Nyingine zinaingia kwenye nyufa za ukuta.

Akifagia huwa anaongea peke yake. Watu wa boma wanadhani anambembeleza mtoto. Mimi nimesimama karibu nikasikia. Amemsogeza Khethiwe kutoka mgongoni hadi kwenye bega, mdomo wake uko sikioni mwa mtoto, na anamfundisha neno moja. Ni lile lile lililomgharimu mbuzi, lile ambalo kwao ng'ambo ni onyo la kutosha. Mtoto ni binti wa boma, hakuna wa kumkataza. Akijua kusema atalisema mbele ya bibi yake, mbele ya vyungu, na hakuna atakayemwosha kinywa.

Analirudia polepole, silabi kwa silabi. Mtoto anacheka, anamshika pua. Bado anasema "ba" tu.